Msituambie 2020 Ilikuwa "Muda wa Familia"

Kila Machi ikifika lazima kuna mtu ataposti. Picha ya mama na watoto wawili kwa zulia safi, unga wa mandazi kwenye pua, na maneno: korona ilituchukulia mengi lakini angalau ilitupa muda wa familia. Mioyo inamiminika. Halafu chini, mzee fulani wa komenti anajibu ati watoto wa mwaka huo ndio hawa wameharibika sasa, wazazi walipewa watoto wao miezi tisa tu wakashindwa kulea.

Ukisoma haraka utadhani hao wawili wanabishana. Mimi naona wanasema uongo mmoja. Wote wanaamini kwamba mwaka 2020, watoto wadogo wa Kenya walikaa nyumbani na wazazi wao.

Nani aliwaambia?

Mimi ni wa Kakamega, Amalemba. Nina miaka 22, chuo niliacha mwaka wa pili kwa sababu ya karo (nyinyi mnaopenda kuniandikia "rudi shule kwanza", namba ya kulipia mnaijua kuitisha), na wakati wa korona nilikuwa kidato cha tatu. Kwa ploti yetu, watoto wadogo walilelewa na wasichana wa sekondari. Ploti iliyofuata, hivyo hivyo. Kule ushago, Malava, Navakholo, walilelewa na kina kukhu ambao magoti yamekataa. Wazazi walikuwa wametoka kutafuta chakula. Siwalaumu wazazi hata kidogo, na kama umekuja hapa ukitarajia niwachome, umekosea mlango.

Wacha turudishe tarehe nyuma, kwa sababu wengi wenu mlikuwa wadogo na mnakumbuka tu kwamba kulikuwa na barakoa na sanitaiza.

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Ijumaa, 13 Machi 2020. Jumapili, tarehe 15, Rais Uhuru Kenyatta akasema shule zifungwe: za kutwa kesho yake, za mabweni kufikia tarehe 18, vyuo vikuu kufikia tarehe 20. Siku moja. Mzazi wa chekechea alisikia Jumapili jioni kwamba kuanzia Jumatatu asubuhi mtoto wake wa miaka minne hana pa kwenda. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja asubuhi. Tarehe 6 Aprili Nairobi ikafungwa, huingii hutoki, mpaka mapema Julai.

Kwa Kakamega hii ya Nairobi ilikuwa kubwa kuliko venye inasemwa. Sisi ndio tunatoa walinzi wa Nairobi, wapishi wa Nairobi, mayaya wa Nairobi. Mnajua hivyo, hata mnatucheka nayo kwa vichekesho. Sasa fikiria yule mama wa picha ya mandazi, aliyekuwa anafanya kazi kwa Zoom sebuleni Kileleshwa. Mara nyingi kulikuwa na dada wa kazi hapo nyuma, nje ya picha. Huyo dada ana watoto wake. Wako Malava kwa kukhu. Kwa miezi mitatu hangeweza kuja kuwaona hata akitaka, kwa sababu barabara imefungwa, na akitoka hajui kama kazi atarudi aipate. Kwa hivyo muda wa familia ulikuwepo, kweli. Kuna familia iliupata kwa sababu familia nyingine ilinyimwa.

Babangu pia alikuwa Nairobi, mjengo. Mjengo ukasimama, akafungiwa huko bila kazi na bila njia ya kurudi. Mathe anauza mitumba hapa tauni. Mwishoni mwa Machi serikali ikapiga marufuku kuingiza mitumba nchini, ati virusi vinaweza kuja na nguo, na marufuku haikutoka hadi Agosti. Belo zilizokuwa zimebaki zikapanda bei, wateja nao hawana pesa, wananunua nguo za nini na hakuna pa kwenda? Kwa hivyo mathe akaanza kuzunguka na nguo kwa begi mgongoni, Shirere, Sichirai, mpaka Khayega siku zingine, na lazima awe nyumbani kabla ya saa moja. Niambie huyo mwanamke angekaa sebuleni saa ngapi kufundisha mtoto sauti za herufi.

Nilikuwa na wadogo wawili nyumbani, mmoja PP1 na mwingine Gredi ya 2. Hao ni wa kwetu. Kufika Mei, jirani wa mlango wa tatu, mama fua, akaniuliza kama wake watatu wanaweza kushinda na mimi, kwa sababu nyumba zinazoita mtu wa kufua hazitaki aje na watoto. Ungesema nini? Halafu wa mlango wa tano wakaongezeka wawili. Saba. Mkubwa alikuwa na miaka tisa, mdogo kabisa alikuwa hajaacha kukojoa kitandani. Nilikuwa na miaka kumi na saba na kitabu cha kemia ambacho kilikuwa kinanitazama kutoka kwa rafu.

Na kulea si kukaa hapo tu kuangalia watoto wasichomeke. Ni uji saa nne, na sukari ikiisha ni kuwapigia story ili wanywe bila sukari. Ni kupatanisha vita vya kijiko. Ni kuosha yule ameharisha kabla wenye ploti hawajaanza kelele za choo. Ni kujibu "mama atarudi saa ngapi" mara thelathini kwa siku, na kuanzia saa kumi na mbili jioni wewe mwenyewe unaanza kujiuliza hilo swali, kwa sababu askari wa kafyu hawakuwa wanacheza. Sisi wote tulisikia kuhusu yule mvulana wa miaka 13 aliyepigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao Kiamaiko, mwisho wa Machi. Alikuwa nyumbani. "Kaa nyumbani uwe salama" ilikuwa kila mahali kwa redio, na mtoto alikuwa nyumbani.

Watoto walielewa kila kitu, wasiwadanganye. Kalongolongo yao ilibadilika. Zamani kulikuwa na baba, mama na mgeni. Sasa mmoja anakuwa Kagwe, anapanda juu ya debe na kutangaza idadi ya wagonjwa kwa sauti nzito, mwingine ni askari, anawakimbiza wote na fimbo saa moja ikifika. Wa kwetu wa PP1 alikuwa anapenda kuwa Kagwe. Nilicheka sana. Usiku nilikuwa nafikiria, huyu ana miaka minne na anajua neno karantini kuliko anajua jina la mwalimu wake.

Na hawa ni watoto wa mji huu. Tarehe 3 Februari mwaka huo huo, Kakamega Primary, watoto zaidi ya kumi walikufa kwenye ngazi wakikimbia kutoka darasani. Kila mtu hapa tauni alikuwa anajua familia moja iliyozika, au anajua anayeijua. Wiki sita baadaye, siku ile ile ya wiki, shule zote zikafungwa. Wale wadogo waliona hayo mawili yakifuatana na wakajumlisha kivyao: shule ni mahali watu wanakufa, ndiyo maana imefungwa. Mmoja wa wale saba aliniambia hivyo kwa mdomo wake. Mimi ndiye nilikuwa mshauri nasaha wake. Mimi wa kidato cha tatu.

Sasa "masomo ya nyumbani". Vipindi vya KICD vilikuwa hewani, redio, televisheni, YouTube. Sikatai, kuna watu walijitahidi. Lakini sensa ilikuwa imefanywa mwaka mmoja tu kabla, 2019, na ilionyesha nyumba zenye televisheni inayofanya kazi ni kama nne kati ya kumi, na zenye intaneti hazifiki moja kati ya tano. Serikali ilikuwa na hiyo karatasi mezani. Ilijua. Halafu walimu wa CBC wanatuma kazi kwa WhatsApp: mtoto atengeneze mnyama kwa katoni, piga picha, tuma. Kwa bando ya nani? Simu ya mathe ilikuwa imeenda na mathe kwa sababu ndiyo ya kupokea M-Pesa. Tulitengeneza huyo mnyama, ng'ombe kama sikosei, akakaa dirishani mpaka mvua ya Agosti ikamlowesha. Mwalimu hakumwona.

Nilichofundisha ni nilichoweza. Kuhesabu kwa punje za mahindi. Kusoma kwa maandishi ya pakiti ya unga na gazeti la kufungia nyama. Wa Gredi ya 2 alijua kusoma "imefungashwa na" kabla ya kusoma hadithi ya sungura. Leo yuko Gredi ya 7 na anasoma kuniliko, kwa hivyo msininyanyase na habari ya "kizazi cha korona kimeharibika". Kimeharibika wapi? Kama kuna mtoto alirudi shule Januari 2021 akiwa amesahau herufi, muulizeni aliyekuwa anashinda naye alipewa nini cha kumfundishia.

Hapa ndipo nataka mnisikize vizuri.

Kufunga Machi sina neno. Ugonjwa ulikuwa mpya, dunia nzima ilifunga. Swali langu ni jinsi walivyofungua. Tarehe 7 Julai marehemu Profesa Magoha, Waziri wa Elimu, alitangaza kwamba mwaka wa shule umepotea, turudi Januari. Baadaye wakapunguza, na tarehe 12 Oktoba wakafungua kidogo. Wakaita nani? Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne. Wenye mitihani na tathmini. PP1, PP2, Gredi ya 1 mpaka ya 3 wakaambiwa wangoje hadi 4 Januari 2021.

Denmark walifanya kinyume kabisa. Walifungua tarehe 15 Aprili 2020, na walianza na wadogo: vituo vya kulelea watoto, chekechea, halafu shule mpaka darasa la tano. Wakubwa wakabaki nyumbani kwanza. Hesabu yao ilikuwa rahisi: mtoto wa miaka kumi na sita anaweza kukaa peke yake, wa miaka minne hawezi, na mama wa huyo wa miaka minne ana kazi. Najua Denmark ina pesa na madarasa yao hayana watoto themanini. Najua pia kuna mtu yuko tayari kuandika "nenda ukaishi huko". Lakini kuamua nani aanze hakuhitaji pesa. Kunahitaji kujua shule ni ya nini.

Na hapo ndipo Kenya ilijianika. Kwa wakubwa wetu, shule ni mahali pa kufanyia mtihani. Basi. Hakuna aliyesimama pale mbele ya kamera akasema chekechea ni mahali ambapo mtoto analindwa, anapewa uji, anacheza na wenzake, ili mama yake auze nguo kwa amani na dada yake asome kemia. Hiyo kazi ilikuwa inafanyika kila siku na hakuna aliyeiona mpaka iliposimama, na hata iliposimama hawakuiona, kwa sababu kuna mtu aliichukua bila kuulizwa.

Sitasema tulikuwa wabaya kuliko wote. Ndugu zetu ng'ambo ya Busia na Malaba waliumia zaidi: Uganda hawakufungulia wote mpaka 10 Januari 2022, karibu miaka miwili. Kuna watoto huko walianza chekechea wakiwa na meno mapya. Lakini kushinda Uganda kwa hilo jambo hakuniletei sherehe.

Turudi kwa pesa, kwa sababu mnapenda kusema hii ni kazi ya upendo. Julai 2020 Kazi Mtaani ilienda kaunti zote 47. Vijana walifyeka nyasi na kuzibua mitaro, Sh455 kwa siku. Sawa kabisa, watu walikuwa na njaa, na mitaro ilikuwa imeziba kweli. Lakini hebu tuhesabu. Kutoka 16 Machi 2020 hadi 4 Januari 2021 ni wiki 42. Siku tano kwa wiki, wacha nijipe wikendi ambayo sikupata, ni siku 210. Mara 455 ni Sh95,550. Karo iliyonitoa chuo haikufika hapo.

Serikali iliweza kukubali kwamba kufyeka nyasi ni kazi. Kuwalisha na kuwalinda watoto saba ikakataa, hiyo ni "kusaidia nyumbani".

Kitu pekee walichotuhesabia wasichana mwaka huo ni mimba. Mnakumbuka Juni, vichwa vya habari, wasichana karibu 4,000 Machakos? Nchi nzima ikaruka. Wachungaji, wabunge, watangazaji wa asubuhi. Hiyo takwimu ilikuwa ya kuanzia Januari, miezi ambayo mingine shule zilikuwa wazi, na ndani yake kulikuwa na wanawake wa miaka 18 na 19, lakini nani alikuwa na haja ya kusoma mpaka chini? Tuliambiwa tumekaa bure nyumbani, tuna muda mwingi, ndiyo maana tunaharibika. Muda mwingi! Siongelei wale waliodhulumiwa, na walikuwepo, na wengi walidhulumiwa na watu wazima wanaojulikana ambao mpaka leo wanatembea. Naongelea ile picha ya msichana aliyekaa bure. Walihesabu tumbo. Mtoto aliyekuwa amefungwa mgongoni kwa leso hakuhesabiwa.

Na nyinyi mavijana, msijifiche nyuma ya serikali. Ndugu zetu walikuwa wapi? Kakangu mkubwa wakati huo alikuwa na miaka kumi na tisa. Asubuhi anaamka, anakunywa chai, anaenda kusaidia msee na bodaboda yake, jioni analeta shilingi mia moja, na mathe anamshukuru mbele ya watu. Mia moja yake ilikuwa na jina, ilikuwa mchango. Uji wangu haukuwa na jina. Siku moja nilimwambia abaki na watoto niende maktaba ya tauni nione kama imefunguliwa. Akaniuliza, "Sasa mimi nitawafanya nini?" Alikuwa anauliza kwa ukweli, si dharau. Miaka kumi na tisa kwa nyumba yenye watoto na hajui. Mkiwa na watoto wenu, na wengi wenu mtakuwa nao hivi karibuni venye naona maposti yenu ya mapenzi, hilo swali mtaliuliza nani?

Kuna mtu atasema hii ni story ya kale, 2020 imeisha, tuendelee. Aprili 2024 mafuriko yalikuja. Shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 29, usiku wa kuamkia ikatangazwa wiki moja zaidi, halafu mapema Mei ikawa hakuna tarehe kabisa, mpaka zilipofunguliwa tarehe 13. Wiki mbili tu, ndiyo. Lakini angalia mtindo: tangazo usiku, mzazi ajipange. Miaka minne baada ya korona, na mpango wa watoto wadogo bado ulikuwa "watakuwa nyumbani", kana kwamba nyumbani ni mtu. Ugonjwa mwingine utakuja, au mvua nyingine. Kule ploti kwetu najua ni nani atabaki na watoto. Ana miaka kumi na tatu sasa. Ndiye yule nilimfundisha kusoma kwa pakiti ya unga, na ni msichana.

Kwa hivyo nina kitu kimoja cha kuuliza, na nitauliza mpaka mniblok. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inazipa kaunti kazi ya elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Imeandikwa, si mimi nimetunga. Wakati wa kampeni za 2027 watakuja hapa Bukhungu na fulana na muziki. MCA atakuja mpaka kwa ploti yenu. Muulizeni: siku shule zikifungwa tena, watoto wa miaka minne wa wodi hii watashinda wapi, na nani atalipwa kukaa nao? Akisema "wazazi", muulizeni mzazi gani, na saa ngapi. Akisema atajenga darasa la ECDE, mwambieni darasa tumesikia, tunauliza siku likiwa na kufuli.

Na wewe uliyeposti picha ya mandazi, sikuchukii. Watoto wako ni wazuri. Ila aliyekupikia huo unga na kuosha hizo sufuria, kama bado una namba yake, mpigie umuulize wa kwake walikuwa na nani.

Wengine, andikeni hapo chini mlikuwa mnalea wangapi na mlikuwa darasa gani. Naanza: saba, kidato cha tatu, Amalemba.